Katambuga Mlangoni mwa Eksirei

Asubuhi, kijijini Busunzu, kila nyumba ina moshi wake na kelele zake. Nyumbani kwa Deborah Niyubahwe moshi ulikuwa wa kawaida. Kelele ndizo zilikuwa mpya.

"Sahani hii si yangu," alilalamika Elie. "Yangu ina ufa."

"Basi subiri," Deborah alimjibu kutoka jikoni. "Na hicho kijiko kirudishe. Hicho ni cha watu."

"Kwani mimi ni nani?"

Deborah aligeukia chungu chake. Swali lenyewe lilikuwa gumu.

Elie Hatungimana ni mume wake. Ni mfugaji nyuki, tena hodari. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, mguu wa kulia ameunyoosha mbele. Mguu ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali. Hogo lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya uji wa mtama.

Elie alianguka kutoka mtini akitundika mzinga. Mfupa wa mguu ukavunjika. Hospitali wakampiga picha ya eksirei, wakamfunga hogo. Wakamwambia arudi baada ya wiki sita apigwe picha nyingine, waone kama mfupa umeunga. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Taabu ilianza waliporudi nyumbani.

Taabu hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Ndihokubwayo.

Ndihokubwayo ni kaka mkubwa wa Elie. Ni mtu mwema, mwenye huruma, wa kwanza kufika penye msiba. Ana kasoro moja tu: hajui kusema "sijui". Ukimuuliza njia ya mahali ambapo hajawahi kufika, atakuelekeza, tena kwa fimbo.

Siku ile alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akaeleza.

"Mionzi imemwingia. Mionzi ni kama moshi wa kurinia asali. Moshi ukiingia kwenye nguo, hautoki leo wala kesho. Kwa hiyo mdogo wangu ale peke yake, alale peke yake. Na mizinga asiisogelee. Nyuki wakisikia harufu ya mionzi, watahama wote mpaka Kakonko!"

Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Elie alishtuka. Katika ukoo wao, mtu anayekwenda kurina asali haogi sabuni ya kunukia, hali vitunguu, wala hagombani na mtu siku hiyo. Nyuki ni wepesi wa kuchukia. Kama hawataki sabuni, watataka mionzi?

Basi Elie akapewa sahani yake yenye ufa, kijiko chake na kikombe chake. Mkeka wake ukahamishiwa jikoni, karibu na mbuzi. Kuku mmoja akataga chini ya kreti yake. Mayai hayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Kuku akaona amepata bahati, akayalalia.

Ndihokubwayo alileta na dawa. Dawa yenyewe ilikuwa pombe ya ndizi, kikombe kimoja kila jioni, ya kusukuma mionzi itoke. Ila dawa hiyo, alisema, hainywewi na mtu peke yake. Sharti mgonjwa asindikizwe. Ndihokubwayo akajitolea kusindikiza, na hakukosa hata jioni moja.

Watu walicheka. Deborah hakucheka. Alikuwa na jambo moyoni, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Siku ya picha ya kwanza walikwenda ukoo mzima. Kwao mgonjwa haachwi peke yake. Ukimwacha, majirani watasema umemtupa. Kwa hiyo chumba cha eksirei kilijaa ndugu. Mpiga picha, kijana mpole aitwaye Lukmani, aliwaomba wote watoke. Kisha akauliza kwa sauti, asikie kila mtu:

"Kuna mama mjamzito hapa?"

Deborah alikuwa na mimba changa. Ilikuwa mimba ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kungoja na kusemwa. Alikuwa hajamwambia hata mama yake. Angeitangaza vipi mbele ya shemeji yake na baba wadogo wa Elie? Aliangalia dari. Dari halikuwa na kitu.

Wakatoka. Lukmani alidhani mlango umejifunga. Haukujifunga. Ndihokubwayo alikuwa ameweka katambuga yake pale chini, ile kandambili ya tairi, mlango ukabaki wazi kidogo.

"Pita, shemeji," alinong'ona. "Kaa naye. Asije akasema tumemtupa."

Deborah akapenya, akajibanza nyuma ya pazia mwisho wa chumba. Mashine ikalia "ti!" Picha ikawa imepigwa. Lukmani alipomkuta pale alipiga kelele, akawafukuza wote. Ndihokubwayo alikimbia akaisahau katambuga. Alirudi Busunzu na moja. Tangu hapo alikuwa akieleza kwamba imemezwa na mashine.

"Mashine inayoona mfupa ndani ya nyama," alisema, "itashindwaje kumeza kiatu?"

Nje ya mlango kulikuwa na bango. Deborah alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na bado anasoma polepole. Alianza kulisoma bango wakati Elie anafungwa hogo. *Mama, kama u mjamzito, au unadhani u mjamzito, mwambie mhudumu kabla ya kuingia.* Alipofika nukta ya mwisho, mambo yalikuwa yamekwisha kutendeka.

Tangu siku ile, kila alipotenga kijiko cha Elie, alishika tumbo. Kama baba mtu anaogopwa hivi, je, huyu wa humu ndani? Alimwomba Mungu. Hakumwambia mtu. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kujisemea lenyewe, na watu walimpongeza. Kila pongezi ilimchoma.

Wiki sita zikaisha. Ndihokubwayo alifika asubuhi na mapema. Mkononi alikuwa na msumeno.

"Shemeji, huo wa nini?" aliuliza Deborah.

"Wa hogo. Hospitali hatuendi. Picha ya kwanza ilitia mionzi, ya pili itajaza debe. Tunakata hapa hapa."

"Shemeji, huo ni mguu, si mninga!"

"Nitakata taratibu."

"Na utajuaje kama mfupa umeunga?"

"Nitaugonga."

"Ukigonga, utakujibu nini?"

Ndihokubwayo alijaribu makali ya msumeno kwa kidole. Elie aliutazama msumeno, akavuta mguu wake nyuma, lakini kwa hogo lile haukufika mbali.

"Tunakwenda hospitali," alisema Deborah. Alichukua kikapu, akatia sahani ya Elie ndani. "Na mimi nina la kuuliza huko."

"La kuuliza niulize mimi."

"Hili hulijui, shemeji."

Tangu azaliwe, Ndihokubwayo alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo. Aliweka msumeno chini kama mtu aliyepokonywa.

Walikodi bodaboda mbili. Elie alikaa ubavu, mguu umetokeza barabarani. Waendesha baiskeli waliupisha kama wanapisha lori. Ndihokubwayo alikuja nyuma, si kwa kukubali, bali kwa kuwa mgonjwa haachwi.

Hospitali walikuta mlango wa eksirei umeachwa wazi, na watu wanangoja nje. Ndihokubwayo alichungulia. Akarudi mbio.

"Mana! Mungu wangu, wamelaza dumu!"

"Dumu gani?"

"Dumu la maji! Liko kitandani, chini ya mashine, limelazwa kama mtu!"

"Labda limevunjika," alisema Elie.

Mwanamke kijana aliyevaa hijabu ya bluu alitoka chumbani. Mkononi alishika kitu kama redio ndogo. Alikielekeza ukutani, akatazama, akaandika. Akakielekeza kwenye benchi la wagonjwa, akaandika. Akaingia hata chooni.

"Anatafuta dhahabu," alinong'ona Ndihokubwayo.

"Chooni?" aliuliza Deborah. Kisha akajikaza. Kuuliza si ujinga. "Dada, samahani. Unatafuta nini?"

Mwanamke alitabasamu, akawasalimia kwa kilugha. "Mwakeye, wazazi wangu. Naitwa Zuleha. Kwetu ni Kasulu mjini, baba yangu ana duka pale sokoni. Mimi ni mwanafizikia tiba."

"Ego, ego, ndiyo," Ndihokubwayo aliitika. "Hao tunawajua. Wanatibu koo."

"Hapana, baba. Mimi sitibu mtu. Daktari anatibu mtu, na mimi ninakagua mashine zake za mionzi. Naangalia kama zinatoa mionzi inayotosha kwa picha, bila kuzidisha. Naangalia kama ukuta unaizuia. Naangalia kama wewe uliyekaa kwenye benchi hili uko salama, na anayekaa chooni naye yuko salama."

"Na dumu?"

"Dumu ndilo mgonjwa wangu. Mwili wa mtu una maji mengi, kwa hiyo maji yanashika nafasi yake. Nampiga picha dumu, halafu napima mionzi imefika wapi. Ni mgonjwa mzuri. Halalamiki, wala hana ndugu wa kuzuia mlango."

Ndani ya chumba mtu alikohoa. Alikuwa Lukmani. Ndihokubwayo ghafla alipendezwa sana na ukuta.

"Dada," alisema Deborah, "nakuomba umpime mume wangu. Alipigwa picha. Tangu siku hiyo anakula peke yake."

Zuleha alimtazama Elie, akatazama hogo, akatazama sahani yenye ufa iliyokuwa kwenye kikapu. Hakucheka. Alisogeza kile kifaa kwenye mguu. Kikalia: tik... tik... tik.

"Mnasikia!" Ndihokubwayo aliruka nyuma. "Mlidhani natania!"

Zuleha akakisogeza ukutani. Tik... tik... Akakisogeza kwenye kikapu cha ndizi cha mama mmoja. Tik... tik... tik. Kisha akakielekeza kwenye kifua cha Ndihokubwayo. Tik... tik... tik.

Ndihokubwayo akakaa chini pale pale. "Nimeambukizwa! Ile pombe! Tulichangia kibuyu!"

"Tulia, baba," alisema Zuleha. "Hiyo ni mionzi ya asili. Ipo ardhini, inashuka kutoka angani, imo hata kwenye ndizi. Babu zetu waliishi nayo. Ni kidogo, na iko kwetu sote sawasawa. Kwa mume wake huyu mama hakuna iliyozidi."

"Lakini ilimwingia!"

"Baba, nyumbani una tochi?"

"Ninayo."

"Usiku ukiwasha tochi ukammulika mdogo wako, halafu ukaizima, mwanga unabaki ndani yake?"

"Haubaki."

"Anaendelea kuwaka?"

"Hawaki."

"Basi eksirei ni hivyo hivyo. Mashine ikizimwa, mionzi yake imekwisha. Haibaki kwa mtu, wala kwenye kijiko, wala kwenye mkeka. Mgonjwa aliyepigwa picha haambukizi mtu yeyote."

Elie alimgeukia kaka yake polepole. "Kwa hiyo nimelala na mbuzi bure?"

"Mbuzi ana joto," alijibu Ndihokubwayo kwa sauti ndogo.

"Na nyuki, dada? Hawatanikimbia?"

"Kwa mionzi, hawana sababu. Kwa mengine, sijui. Mimi si fundi wa nyuki."

Ndihokubwayo aliinua kichwa. Mtu aliyesoma hivi, mwenye mashine ya kulia tik, amesema "sijui" mchana kweupe! Na wala hakuona aibu.

Zuleha alirudi chumbani. Deborah akamfuata mpaka ndani, akasimama karibu na dumu.

"Dada... nina rafiki yangu."

"Ndiyo."

"Aliingia humu wakati mumewe anapigwa picha. Na alikuwa mjamzito. Hakusema."

Zuleha alitazama tumbo la Deborah, akatazama uso wake. Machozi yalikuwa yameshafika kopeni.

"Rafiki yako alisimama wapi?"

"Pale. Nyuma ya pazia."

"Na picha ilikuwa ya wapi?"

"Ya mguu."

"Basi tusibahatishe. Tupime."

Aliweka kipimo chake nyuma ya pazia, usawa wa tumbo la mtu. Wakatoka wote, wakasimama nyuma ya ukuta. Lukmani alifunga mlango, safari hii akauvuta kuhakikisha. Akampiga dumu picha kama aliyompiga Elie. Mashine ikalia "ti!" Deborah alifumba macho. Zuleha aliingia, akasoma kipimo, akamshika Deborah mkono.

"Sikiliza, mama. Iliyofika pale ni kidogo mno. Ni kidogo kuliko unayopata kutoka ardhini kwa siku moja tu ya kupalilia maharage yako. Mtoto wako hakudhurika na picha ile."

Deborah alitaka kushukuru. Badala yake alilia, kwa sauti, kama mtoto. Alilia hofu ya wiki zote sita, pale pale, ameegemea kitanda cha dumu. Zuleha alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Lakini sitakudanganya," alisema kisha. "Mionzi mashine inapowaka hutawanyika, kama jua linavyopiga bati likakurudia machoni. Wewe ulikuwa mbali, na ilikuwa picha ya mguu. Ingekuwa picha ya tumbo lako mwenyewe, nisingesema maneno haya. Ndiyo maana asiyepigwa picha hukaa nje. Na mjamzito lazima aseme. Hatumfukuzi. Akihitaji picha kweli, daktari atapima faida na hatari, naye atapigwa kwa tahadhari. Tunachotaka ni kujua. Wazee walisema, mficha uchi hazai."

"Nilimwonea haya shemeji."

Zuleha alimgeukia Lukmani. "Unawaulizaje akina mama?"

"Kwa sauti," alisema Lukmani. "Ili wote wasikie."

"Wote, na mashemeji?"

Lukmani alijikuna kichwa. "Ndiyo maana sijawahi kujibiwa," alisema. "Kuanzia leo nitamwita kila mama pembeni."

Dumu likateremshwa. Elie akapanda kitandani. Alipoona watu wanatoka, alishtuka.

"Mnaniacha?"

"Tuko hapa mlangoni," alisema Deborah. "Utatusikia."

Ndihokubwayo alisimama nje ya mlango kama askari. Alivuta kitasa mwenyewe, akauegemea kwa bega, akapaza sauti:

"Elie! Tupo! Hatujakutupa! Usitikisike!"

Sauti ilifika mbali. Inasemekana wagonjwa wa wodi ya jirani nao walitulia, wasitikisike. Picha ikatoka safi. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, na hogo likakatwa siku hiyo hiyo, kwa msumeno wa hospitali, usiokata ngozi.

Wakati wanaaga, Lukmani alitoa kitu kwenye droo. Ilikuwa katambuga, imejaa vumbi.

"Mzee, hii ni yako?"

"Ahaa!" alisema Ndihokubwayo. "Mashine imeitapika!" Kisha akaona jinsi Deborah anavyomtazama. Akainamisha kichwa. "Ni yangu. Niliiweka mlangoni mimi. Shemeji, nilikuingiza hatarini. Nisamehe."

"Yamekwisha, shemeji."

Alinyoosha mkono aipokee. Lukmani akairudisha nyuma.

"Samahani, mzee. Hii imeajiriwa." Akachukua msumari, akaipigilia ukutani juu ya bango. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: *Usizuie mlango.*

Ndihokubwayo aliitazama. "Katika ukoo wetu," alisema, "ndiyo ya kwanza kupata kazi hospitali."

Jioni ile walipofika nyumbani, mayai ya chini ya kreti yalikuwa yameanguliwa. Ndihokubwayo aliinama akahesabu miguu ya kila kifaranga. Ilikuwa miwili miwili. Akanyoosha mgongo, akaenda zake. Elie alikula sahani moja na mke wake, na mkeka ukarudi ndani. Mbuzi alilia usiku kucha.

Msimu wa asali ulipofika, Elie alipanda tena mtini. Alishuka na ndoo imejaa na jicho limevimba. "Wamenitambua!" alipiga kelele kwa furaha. "Hawajahama!"

Deborah alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya baba yake mkubwa. Alipoanza kukaa, Deborah alimbeba, yeye na Ndihokubwayo wakamsindikiza mama mkwe hospitali, akapigwe picha ya kifua. Katambuga ilikuwa pale pale ukutani. Lukmani alimwita Deborah pembeni, akauliza kwa sauti ya chini. Deborah akajibu kwa sauti ya chini. Wote wawili wakacheka. Kisha Deborah akakaa kwenye benchi, nje.

Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa amekaa karibu na Ndihokubwayo. Alimgeukia.

"Mzee, naona wewe ni mwenyeji. Nikishapigwa picha hii, naweza kumnyonyesha mtoto?"

Ndihokubwayo alikohoa. Akashika fimbo yake. Akafungua mdomo. Deborah alimwona akiufungua, akajiandaa.

"Sijui," alisema Ndihokubwayo.

Deborah nusura adondoshe mtoto.

"Sijui," alirudia, na ilionekana neno lenyewe linaanza kumnogea. "Ngoja nikuulizie." Akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango wa eksirei, na kabla ya kuufikia akavua katambuga zake mpya zote mbili, akaziweka mbali, akapiga hodi, akauliza.

"Mwambie anyonyeshe bila wasiwasi," Lukmani alijibu kutoka ndani. "Mionzi haiingii kwenye maziwa wala haibaki."

Ndihokubwayo alirudi kwenye benchi bila viatu.

"Nyonyesha, binti yangu," alisema. "Nimeuliza."